Baridi ya Julai na grupu ya tizi: tuendelee ama tulale?

Grupu yetu ya tizi inaanza kufa kila mwaka Juni ikifika katikati. Hakuna mtu anatangaza ametoka, watu wanaanza tu kuandika "leo mniache" saa kumi na moja asubuhi, kesho yake wamekuwa wanne, na wiki ikiisha nafika geti ya msitu wa Karura hapa Nairobi niko na mzee mmoja mstaafu amevaa soksi mbili mbili, tunaangaliana tu. Julai hata hiyo "leo mniache" haiandikwi tena, mtu anasoma meseji ananyamaza. Septemba wote hao wanarudi na vitambi wakiulizana mlikuwa wapi.

Sasa mwaka huu mjadala umeanza mapema, kuna wanaosema tufunge mpaka Agosti iishe na kuna wanaosema hiyo ni uvivu umevaa hudi.

Wenye kulala msiwacheke haraka. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni upepo unatoka upande wa bahari na unyevu wake, ukipanda huku juu unageuka wingu zito la chini linalokaa hapo kama mgeni hajui kuaga, jua unaweza kulikosa siku tatu mfululizo. Usiku inashuka nyuzi 12, 10, wakati mwingine chini ya hapo. Mtu wa Ulaya akisikia nyuzi 10 atacheka, lakini yeye anatoka kwa nyumba iko na hita. Sisi baridi ya nje ndiyo hiyo hiyo ya chumbani, ukitoka kwa blanketi umeshatoka nje!

Halafu kuna giza. Watu husema hapa ikweta siku ni sawa mwaka mzima, ni kweli kwa urefu wa mchana, lakini saa ya jua kutoka inasonga: mwanzo wa Novemba linatoka kama saa kumi na mbili na dakika kumi, Julai mpaka ipite saa kumi na mbili na nusu, na juu yake weka wingu. Kwa hivyo yule dada anayetaka kukimbia saa kumi na moja na nusu kabla ya kazi anakimbia kwa giza kabisa, na giza ya Nairobi kila mtu anaijua, simu inaenda. Hapo mimi sina jibu la ushujaa. Na mwenye pumu pia, hewa baridi ukiivuta kwa nguvu inaweza kukaza njia za pumzi, huyo kama daktari amemwambia apunguze asilazimishwe na mtu.

Lakini hoja ya "baridi italeta nimonia" ndiyo siikubali, na najua mamangu akisoma hapa atanipigia. Nimonia inaletwa na vijidudu, na vijidudu vinapenda watu waliobanana mahali hewa haizunguki. Fikiria matatu ya asubuhi mwezi wa saba, madirisha yote yamefungwa, watatu wanakohoa, ukijaribu kufungua kidogo unaangaliwa kama mwizi. Afadhali msituni. Hata kujifungia nyumbani si salama vile tunadhani, kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko ya makaa ndani, dirisha limefungwa, na ile gesi haina harufu ya kukuamsha.

Na mwili wenyewe unapenda ubaridi ukishaanza kusonga. Mkimbiaji wetu Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 pale Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, waandalizi walikuwa wanatafuta asubuhi yenye ubaridi, kwa sababu mwili ukichemka sana mbio inakufa. Shida ni dakika kumi za kwanza, misuli imekauka kama ngozi ya ngoma, na hapo watu wetu wanakosea, wanatoka mbio moja kwa moja kwa sababu wanasikia baridi, wiki inayofuata goti. Tembea kwanza, vaa nguo mbili nyepesi badala ya jaketi moja nzito.

Kuna waliosema twende jimu. Sawa, mwenye pesa aende, kuna joto na taa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki na halijasema lazima iwe msituni. Ila jimu kila mtu ameweka vitu kwa masikio. Kazi niliyo nayo sasa niliisikia tukipanda kale kamlima ka Karura, mtu anahema huku anasema ofisini kwao wanatafuta mtu. Na yule mzee wa soksi, watoto wake wako ng'ambo, baada ya mbio tunakaa kwa chai na mandazi karibu saa nzima. Ikifika Julai tunasema tumepumzisha miguu, kumbe yeye tumemwachia wiki nzima bila mtu wa kuongea naye. Hiyo ndiyo inanifanya niwe upande wa kuendelea, si kilomita.

Kwa hivyo nilipendekeza tuache asubuhi ya giza, tukutane Jumamosi saa nne, tutembee badala ya kukimbia kama kuna matope (zile njia zikilowa zinateleza vibaya), na chai ibaki pale pale. Mwenye duka amelalamika saa nne ndiyo wateja wake, ana haki, na kuna mama ako na chama saa hiyo. Tumepiga kura kwa WhatsApp. Tisa wamekubali, wanne wamekataa, na mzee amebonyeza zote mbili halafu akauliza, "vijana wangu, chai ni saa ngapi?"