Protini ya utando ichunguzwe ikiwa kwake

Hivi karibuni nilichuchumaa kando ya bwawa la chumvi huko Nunge, hapa Bagamoyo, ambako maji yaliyokolea yalikuwa yameingia rangi ya waridi na chenga za kwanza zilielea juu yake kama ngozi ya maziwa. Mzee aliyenipokea aliniambia kwamba maji yakikauka kwa kasi chumvi hutoka chengachenga, lakini yakipungua polepole hutoka mawe makubwa, yenye pembe zilizonyooka.

Rangi ile huletwa hasa na vijidudu wapendao chumvi. Ndugu yao mmoja, Halobacterium salinarum, ana utando (ngozi nyembamba ya seli) wa zambarau ambamo protini iitwayo bakteriorodopsini imejipanga yenyewe, tatutatu, safu kwa safu, ikawa fuwele, kama chenga ya chumvi, lakini ya tabaka moja: ina urefu na upana, ila unene wake ni ule wa utando tu. Mwaka 1975 Richard Henderson na Nigel Unwin, wakiwa Cambridge, waliuhifadhi utando huo kwa glukosi, wakaupiga picha kwa hadubini ya elektroni, kwa miale hafifu mno ili isiuunguze, na wakaona nguzo saba za protini hiyo zikipenya kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Protini nyingi hazijipangi zenyewe. Ili zifanye fuwele kama hiyo, hutolewa katika utando kwa sabuni ya maabara, zikachanganywa na lipidi, yaani mafuta yanayojenga utando, kisha sabuni ikaondolewa katika mfuko wa dayalisisi, unaopitisha molekuli ndogo tu, kwa siku au hata wiki kadhaa. Sabuni ikitoka kwa pupa, protini hugandamana ovyo, kama alivyosema mzee wangu kuhusu chumvi.

Wapo wanaoona kazi hii ya kutengeneza fuwele imepitwa na wakati, kwa kuwa leo protini mojamoja husomwa zikiwa zimegandishwa katika barafu, pasipo fuwele. Nakubali kwamba njia hiyo ni ya haraka na imefungua milango mingi. Sikubali kwamba inatosha kila mahali. Mwaka 2005 fuwele za akwaporini-0, protini ya lenzi ya jicho la kondoo, zilionesha kwa ukali wa picha wa nanomita 0.19 si protini peke yake, bali pia lipidi zilizoizunguka, moja baada ya nyingine, zikifuata mikunjo ya uso wake. Protini inayogandishwa ikiwa imevikwa sabuni imekwisha kutenganishwa na wengi wa majirani hao, nami ningependa wanafunzi wetu wa biolojia wajifunze kuwatafuta.