Si kila ubishi ni mgogoro

Jumamosi iliyopita nilikwenda kijijini kumwona mama mdogo, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Dodoma mjini. Nilimkuta uani peke yake, anachambua mlenda. Saa kumi jioni kwa kawaida Mzee, jirani yake, huwa amesimama upande wa pili wa minyaa, wanasemezana. Nikauliza Mzee yuko wapi.

"Yupo," akasema bila kuinua uso. "Hatusalimiani siku hizi. Sisi tuna mgogoro."

Lile neno lilinishtua kuliko habari yenyewe. Mama mdogo amenilea, najua anavyosema. Yeye husema tumekosana, tumenuniana, ananibishia, kanikera. "Mgogoro" ni neno la taarifa ya habari. Kuna mtu amemletea.

Ilikuwa hivi. Msimu uliopita greda lilipita kuchonga barabara ya kijiji, likang'oa kipande cha minyaa kati ya shamba lake na la Mzee. Tangu hapo wanabishana mpaka ulipita wapi. Tofauti yao ni hatua mbili, labda tatu. Mama mdogo anasema mnyaa wa mwisho ulikuwa karibu na mkwaju. Mzee anasema ulikuwa kwenye kichuguu. Walibishana hivyo masika nzima huku wakiazimana jembe. Mzee alipougua mgongo, aliyempelekea uji alikuwa mama mdogo, akarudi analalamika kwamba hata kitandani mtu yule anataja kichuguu.

Kisha wakaja vijana wa mradi na dodoso lao. "Mama, una mgogoro wa ardhi?" Akawajibu hana, ila yeye na jirani yake wanabishana kidogo kuhusu mpaka. Karatasi haikuwa na mahali pa kuandika "wanabishana kidogo". Ilikuwa na Ndiyo na Hapana. Wakaweka alama kwenye Ndiyo. Baada ya wiki chache, kwenye mkutano wa kijiji, ikasomwa kwa sauti orodha ya watu wenye migogoro ya ardhi, na jina la Mzee limo, wanawe na wakwe zake wamekaa pale wanasikia. Mtu wa umri ule! Alisimama, akachukua fimbo yake, akaondoka. Sasa wanawe wanatafuta wakili.

Nimeliona dodoso lenyewe. Kazi yangu ni kutafsiri, na karatasi za namna hiyo hupita mezani kwangu kila mwezi. La Kiingereza liliandikwa "dispute", na mtafsiri, sijui ni nani, akaandika mgogoro kama tunavyoandika wote.

Lakini "dispute" kwa Waingereza wenyewe lina nafasi kubwa. Mteja akikataa kiasi kilichoandikwa kwenye bili, wanalitumia. Mwajiri na wafanyakazi wakivutana kuhusu mishahara, ndilo. Wanahistoria wakipingana kuhusu mwaka wa tukio, ndilo. Nchi mbili zikigombea kisiwa, ndilo hilo hilo. Na jambo ambalo sisi tungesema halina ubishi, wao husema liko nje ya "dispute". Mzizi wake ni wa Kilatini, "putare", na kwa wakulima wa Kirumi "putare" ilikuwa pia kupogoa mzabibu. Baadaye ikawa kuhesabu, kupima, kufikiri, na "disputare" ikawa kulipima jambo kwa kulizungumza. Mkulima wa zabibu wa hapa Dodoma, wa Hombolo au Mpunguzi, anaielewa maana hiyo kwa mikono yake. Baada ya kuvuna anaukata mzabibu hadi unabaki kama kuni, kwa sababu anataka uzae tena. Mama mdogo na Mzee walikuwa kwenye kazi hiyo. Walikuwa wanaupogoa mpaka wao, jioni baada ya jioni.

Na sisi si maskini wa maneno, ndiyo maana inaniuma. Chukua hilo moja tu, kubisha. Mtu anabisha hodi. Nahodha anabisha, anakipeleka chombo kukabili upepo, mara upande huu mara upande ule, na ndivyo anavyofika anakokwenda. Na mtu anambishia mwenzake. Mimi nasikia undugu katika hizo tatu. Anayekubishia amesimama mlangoni kwako, anataka umjibu. Bado yuko nawe. Ukitaka kujua urafiki wa wazee wawili umekufa, sikiliza siku watakapoacha kubishana. Kwa mama mdogo nimeusikia ukimya huo kwa masikio yangu, na ni mzito.

Kuna malumbano, ambayo washairi wetu wameyafanya kuwa sanaa, beti kwa beti. Kuna hoja, ambayo hapa Dodoma tunaisikia bungeni kila mkutano, mbunge anasema "naomba kutoa hoja", na wenzake wanasimama kuafiki. Kuna kuhitilafiana, neno la heshima kabisa, ingawa siku hizi hitilafu tumewaachia watu wa umeme. Kuna mvutano, mzozo, ugomvi. Ugomvi wenyewe tuna methali inayoutetea: wagombanao ndio wapatanao. Mfarakano ni kitu kingine, hapo watu wameshaachana njia. Na mgogoro unakaa huko mbele, karibu na uhasama, mahali ambapo mtu anahitaji mwamuzi na pengine polisi.

Mgogoro upo, sikatai. Watu wa Dodoma tunaujua kwa viwanja. CDA, mamlaka iliyopewa kazi ya kuustawisha mji mkuu, iliundwa 1973 na ikavunjwa 2017, na malalamiko ya ardhi ni sehemu kubwa ya sababu. Wilayani Kiteto, ng'ambo tu ya Kongwa, wakulima na wafugaji waliuana mwaka 2014. Hayo yaiteni migogoro, hakuna neno dogo litakaloyatosha. Nakubali pia kwamba ofisi inahitaji neno moja la kuweka juu ya jalada. Lakini dodoso linaloulizwa uani kwa mtu si jalada. Ni mazungumzo, na mazungumzo yanaweza kuuliza, "Kuna jambo ambalo wewe na jirani hamjakubaliana?" Hayo maneno yanaingia kwenye mstari mmoja.

Hata sheria imeacha mlango huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Mabadiliko ya 2021 yakayarudisha hata mabaraza ya kata kwenye usuluhishi tu katika mambo ya ardhi. Maana yake, kabla ya kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kuna watu wanaoijua ile minyaa, waliopita kando yake wakienda kisimani, wanaoweza kukaa na wawili hawa chini ya mkwaju huo huo. Wakili akishaandika barua, nani atataka kukaa chini ya mkwaju?

Jioni ile, kabla sijaondoka, mama mdogo alijaza bakuli zabibu, akalifunika kwa kitambaa, akanipa. "Mpelekee Mzee. Mimi sijui kama naruhusiwa."

Nikavuka. Nikamkuta Mzee kwenye kigoda, nikamwamkia, akaitikia taratibu. Akafunua kitambaa, akala moja, akakaa kimya muda mrefu.

"Bado anasema mkwaju?"

"Bado, babu. Anasema mnyaa ulikuwa karibu na mkwaju."

"Mwongo." Akashika fimbo, akainuka kwa shida, akanipeleka hadi mwisho wa shamba. Akachomeka ncha ya fimbo ardhini kando ya kichuguu. "Ulikuwa hapa. Mwite aje aone mwenyewe."