Injini Imechoka: Ifumuliwe au Iwekwe Nyingine?

Toyota IST, Premio au Noah ya miaka ya mwanzo ya 2000 ikishavuka kilomita 250,000, mwenye gari hufikishwa kwenye uamuzi uleule. Oili inapungua kabla ya sevisi kufika, moshi wa bluu unamfuata nyuma, na kilima ambacho zamani gari lilikipanda bila kulalamika sasa kinalishinda nguvu. Fundi anashauri injini ishushwe, ifanyiwe ovaholi, yaani ifumuliwe yote na vilivyolika virekebishwe au vibadilishwe. Rafiki anamwambia asipoteze muda, aende Ilala au Gerezani, Dar es Salaam, akachukue injini ya Japani, siku mbili awe barabarani. Nairobi ushauri ni huohuo, ila atatumwa Kirinyaga Road.

Wote wawili wana hoja nzito. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi wanabishana juu ya injini ambayo hakuna aliyeipima.

Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, lakini haukuambii oili inapita wapi. Ukitoka kwa wingi asubuhi gari linapowashwa kisha ukakatika, mshukiwa wa kwanza ni sili za valvu, ambazo zimekauka na kuacha oili ichuruzike usiku kucha. Ukizidi unapokanyaga mafuta kupanda mlima, hapo ringi za pistoni ndizo za kutiliwa shaka. Kuna pia kivalvu kidogo cha kupumulia cha PCV, ambacho kikiziba kinaifanya injini isukume oili mahali isipotakiwa. Hicho kinabadilishwa kwa dakika chache, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya ovaholi.

Kipimo cha kompresheni ndicho kinachotenganisha mambo. Fundi anatoa plagi zote, anafunga geji kwenye kila silinda kwa zamu na kupiga stata. Silinda moja ikisoma chini sana kuliko wenzake, anamimina oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi na kupima tena. Usomaji ukipanda, ringi au ukuta wa silinda umelika, kwa kuwa oili imeziba pengo kwa muda. Usipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini. Kazi yote haizidi saa moja, na gereji isiyo na geji hii haistahili kupewa kazi ya kufumua injini.

Tuseme vipimo vimethibitisha kwamba chini, kwenye ringi na silinda, kumechoka kweli. Upande wa kuweka injini nyingine una nguvu kuliko mafundi wengi wa ovaholi wanavyokubali, na nguvu yake inaanzia Japani kwenyewe. Huko gari dogo la binafsi hukaguliwa kwa lazima likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, ni ghali. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Kwa hiyo magari mengi huachwa yangali na uhai, na injini zake kung'olewa zikiwa hazijafanya hata nusu ya kazi ambayo ya kwako imefanya. Injini ya namna hiyo bado imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Boliti zake zilikazwa kwa vipimo, na hakuna aliyeifungulia juani chini ya mwembe.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi ambayo haisemwi vya kutosha. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST na Vitz, na 1ZZ-FE iliyomo kwenye Premio na Allion za 1800, zina bloku (mwili wa injini) ya alumini yenye slivu, yaani kuta za silinda, nyembamba za chuma. Toyota haikuziunda ili silinda zake zichongwe upya. Silinda ikizidi kipimo cha mwisho, kitabu cha ufundi kinaelekeza bloku nzima ibadilishwe. Wapo wanaoingiza slivu mpya, na yupo mmoja mmoja anayefanya vizuri, lakini ni kazi inayodai mashine sahihi na mkono uliozoea. Ukimpelekea fundi wa kawaida 1NZ yenye silinda zilizolika, unamwomba afanye jambo ambalo mtengenezaji mwenyewe hakulipangia.

Udhaifu wa injini ya mtumba ni kwamba haina historia. Gari lina geji ya kilomita, hata kama imechezewa. Injini iliyolala sakafuni dukani haina chochote zaidi ya neno la muuzaji. Si kila inayoitwa ya Japani imeshuka moja kwa moja kutoka Japani; nyingi hupitia kwenye masoko ya vipuri ya Sharjah, na huko zinachanganyika na zilizofanya kazi kwenye joto la Ghuba. Huenda ilitoka kwenye gari lililogongwa ubavuni, injini ikabaki nzima. Huenda pia ilitoka kwenye gari lililochemka likaachwa. Kwa macho zinafanana, hasa zikishaoshwa.

Anayenunua afungue mfuniko wa oili na kutazama ndani kwa tochi: tope jeusi lililoganda linamwambia kwamba oili ya injini hii haikubadilishwa kwa wakati. Azungushe krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa spana kuhakikisha haikwami. Atoe plagi azitazame. Adai ipimwe kompresheni kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa, atembee hadi duka linalofuata. Dhamana pia isomwe kwa makini. Kwa kawaida ni ya siku au wiki chache, na inahusu kubadilishiwa injini tu. Ikifa, fedha ya fundi ya kushusha na kupandisha mara ya pili inatoka mfukoni mwako.

Hata iliyo nzima inaweza isikubaliane na gari lako. Namba ya injini inaweza kuwa ileile, lakini moja ina throtoli ya waya na nyingine ya umeme. Karta ya oili, bakuli la chini ya injini, ya gari linalovuta magurudumu manne inaweza kutofautiana na ya magurudumu mawili. Nimeona magari yaliyokaa gereji wiki nzima baada ya injini kupandishwa, yakisubiri fundi umeme aelewane na kompyuta ya gari. Ile ahadi ya siku mbili ni ya kweli pale tu injini mpya na ya zamani zinapolingana kila kitu, hadi soketi.

Sasa ovaholi. Kwa baadhi ya injini, kuitupa ili uweke ya mtumba ni hasara isiyo na maelezo. 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, ina bloku ya chuma kizito cha kusubu. Vivyo hivyo 5L ya Hiace na Hilux, 3S-FE na 5A-FE za zamani. Hizi ziliundwa zikijulikana kwamba siku moja zitachongwa: silinda inapanuliwa kwa nusu milimita, inapewa pistoni kubwa kwa kiasi hichohicho, krenki inasagwa na kuwekewa metali (vikalio vyake) nene zaidi. Injini ya hivyo ikipita kwenye mikono mizuri inaanza maisha mengine kabisa, na mwenye gari anajua kila kilichomo ndani yake. Ujuzi huo una thamani kubwa kwa gari linalokwenda porini au linalobeba abiria kila siku.

Toyota yenyewe iliwahi kuchagua njia hii. Injini za 2AZ-FE za lita 2.4, kama zilizofungwa kwenye Camry za kuanzia 2007, zililalamikiwa sana Marekani kwa kula oili. Toyota ilirefusha dhamana, na magari yaliyofeli kipimo cha matumizi ya oili yakabadilishiwa pistoni na ringi za muundo mpya. Bloku ya 2AZ nayo ni ya alumini. Kasoro ilikuwa inajulikana, kuta za silinda zilikuwa bado nzima, na kipuri kilichobadilishwa ndicho kilichokuwa na kosa. Ukiwa na vitu hivyo vitatu, kufumua ni uamuzi wa busara hata kwa injini nyepesi.

Tatizo ni kwamba kinachoitwa ovaholi kwenye gereji nyingi si ovaholi. Injini inafunguliwa, ringi mpya zinaingizwa kwenye silinda iliyolika na kuwa na umbo la yai, metali mpya zinawekwa juu ya krenki yenye mikwaruzo, gasketi mpya, oili mpya, basi. Ringi ni duara. Silinda ya umbo la yai haiwezi kuzipokea. Miezi michache baadaye oili inaanza kupungua tena, na mwenye gari anaapa kwamba ovaholi ni utapeli, ilhali hakuwahi kufanyiwa. Wakati mwingine fundi ndiye aliyeruka hatua. Mara nyingi zaidi, tuseme ukweli, mteja ndiye aliyeikata bajeti katikati: akaambiwa krenki ipelekwe ikasagwe, akajibu ifungwe hivyohivyo.

Hedi ya alumini iliyopinda haisameheki pia. Kwa 1NZ-FE, upande unaokalia bloku haupaswi kupinda zaidi ya milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele wa watu wengi. Jicho halioni hilo. Panahitajika rula ya chuma iliyonyooka na filagheji, vile vibao vyembamba vya kupimia mwanya. Boliti za hedi zinakazwa kwa toki renchi, spana yenye kupima nguvu ya kukaza, hadi kipimo fulani, kisha zinazungushwa kwa digrii zilizoandikwa kitabuni. Anayekaza kwa kusikilizia mkono anaandaa gasketi nyingine ya kuungua.

Lakini lipo jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alishike kabla hajachagua upande wowote: ni nini kilichoiua injini ya kwanza? Kwenye miji yetu jibu mara nyingi ni maji. Gari lilichemka siku moja kwenye foleni, fundi akatoa themostati ili lisichemke tena, na rejeta ikajazwa maji ya bomba, au ya kisima chenye chumvi, jambo la kawaida Dar es Salaam. Themostati ya injini hizi hufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto linalotakiwa na kuishikilia hapo. Ikitolewa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, kompyuta inaendelea kuilisha petroli nyingi kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati pia hufunga njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemka kwenye mlima mrefu kwa sababu ya ile dawa iliyokusudiwa kulizuia lisichemke.

Chumvi nayo inakula alumini taratibu na kuziba matundu ya rejeta. Mfuniko wa rejeta uliolegea unashusha presha, na maji yanachemka mapema kuliko yanavyopaswa. Maji yakiisha kabisa, geji ya joto inaweza kusoma kawaida, maana kihisio chake kimebaki hewani. Kisha kuna oili: 1NZ yenye VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, iliundiwa oili nyepesi kama 5W-30, ila watu wanaitilia ile nzito ya SAE 40 wakidhani wanaizibia matundu ya uzee. Injini iliyofumuliwa vizuri na injini nzuri ya mtumba zote zitakufa kwa sababu hizohizo, kwenye gari lilelile, kama rejeta haikuoshwa, themostati haikurudishwa na kulenti, maji maalumu ya rejeta, haikuwekwa. Hivyo viingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuhusu fedha, watu hulinganisha gharama ya injini na bei ya gari sokoni, kisha wanakata tamaa. Nadhani kipimo hicho kinapotosha. Kwa Tanzania, gari la kulibadilisha lako linakuja na ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa ziada likizidi miaka 8. Kenya haliruhusiwi kabisa kuingia likipita miaka hiyo, na Uganda mwisho ni miaka 15. Gari lenye bodi isiyo na kutu, giaboksi isiyochelewa kuingia na chasisi isiyogongwa linastahili injini hata kama ni la zamani. Giaboksi ikiwa imeshaanza kuteleza, hesabu inageuka, na hapo ni afadhali kuliuza kwa uwazi kama lilivyo.

Mtu akiniuliza leo kuhusu IST yenye silinda zilizolika, nitamwambia aweke injini nyingine, baada ya kuipima. Akiniuliza kuhusu Land Cruiser ya 1HZ, nitamwambia afumue, akubali kulipia krenki na uchongaji, aendeshe gari kwa upole kilomita 1,000 za kwanza kisha amwage oili. Na huyo wa kwanza asiisahau kadi ya gari: namba ya injini imeandikwa pale, kwa hiyo aombe risiti yenye namba ya injini mpya na apeleke mabadiliko TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, au NTSA, mamlaka ya usafiri, kama yuko Kenya, kabla mnunuzi, bima au askari hajaikuta tofauti hiyo kwa niaba yake.