Wanataka gari lako, au wanataka kukuuzia la kwao?

Jumapili asubuhi, natoka zamu ya usiku hapa Houston, nikakuta ujumbe wa sauti wa mdogo wangu aliyeko Mwanza. Yadi moja ya magari imempigia simu. Wamemwambia Toyota IST yake ya mwaka 2005 inatafutwa sana, kwa hiyo wako tayari kuichukua na kumpa gari jipya zaidi, na tofauti atalipa kidogo kidogo kila mwezi. Hakuwa ametangaza kuuza popote. "Dada, hawa watu wanaonekana wako siriasi," akasema. "Niende?"

Nilimjibu kwa kirefu kuliko alivyotarajia, maana jambo hilo limenigharimu. Naliandika na kwa wengine, hasa mlioko nyumbani mnaoanza kupata simu za namna hii.

Huku Marekani barua za wauza magari huja bila kuziomba. Ya kwanza niliyopata ilikuwa kwenye bahasha yenye kidirisha cha nailoni, kama za benki, na juu yake wameandika kwa wino mwekundu kwamba ni taarifa ya mwisho. Moyo ulinipasuka, nikadhani nimesahau deni mahali. Ndani kulikuwa na jina langu kamili, aina ya gari langu na mwaka wake, na maneno kwamba magari kama hilo yamewaadimikia, wangependa kulinunua tena. Mistari miwili ilikuwa imepakwa rangi ya njano, kama vile mtu amekaa mezani na kalamu kwa ajili yangu. Chini palikuwa na sahihi ya meneja kwa wino wa bluu. Nililowesha kidole nikaisugua. Haikufutika hata kidogo, ilikuwa imechapwa. Na kile kikaratasi kilichofanana na hundi, chenye kiasi cha dola na jina langu, kwa nyuma kilikuwa na herufi ndogo kama punje za ulezi zikisema kwamba hii si hundi.

Pamoja na hayo nilikwenda. Nilikuwa bado nadaiwa dola 14,600 kwenye lile gari. Walilikagua kwa dakika arobaini, funguo wamezishika wao, kisha wakasema watalichukua kwa 12,000. Zile 2,600 zilizopungua sikuziona zikitajwa tena mpaka baadaye nyumbani, niliposoma mkataba kwa utulivu: zilikuwa zimepandishwa juu ya mkopo wa gari jipya. Nilitoka pale nikiwa na furaha kwa sababu marejesho ya mwezi yalikuwa yameshuka kwa dola 18. Yalishuka kwa kuwa mkopo ulirefushwa hadi miezi 84. Miaka saba. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza, yaani angemaliza la saba mama yake bado analipa.

Barua ilisema wananunua. Lakini tangu nilipoingia hadi nilipotoka, hakuna aliyenikalisha kwenye kiti cha muuzaji.

Sasa njoo Kirumba, pale Mwanza. Desemba iliyopita nilikuwa likizo, nikaipeleka IST hiyohiyo kuoshwa. Kijana mmoja akaizunguka mara mbili, akainama kutazama kama inavuja oili, akagonga mlango kwa kidole kusikiliza kama umepigwa puti. Ndipo akanisogelea.

"Shikamoo mama. Gari hii inauzwa?"

Nikamwambia haiuzwi.

"Piga bei tu mama. Nina mteja yuko Geita, hela anayo mkononi. Ukisema ndiyo, saa hizi anavuka daraja anakuja."

Nikamuuliza yeye anapata nini. Hakusita. "Mimi naweka cha juu changu. Wewe sema yako."

Nililitafakari jibu hilo njia nzima hadi Nyakato. Kijana alinieleza faida yake kwa sentensi moja, amesimama juani, miguu imelowa maji ya sabuni. Na mteja wake anaweza kweli kufika siku hiyohiyo, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu wa Geita hasubiri tena foleni ya kivuko.

Sisemi madalali ni malaika. Mjomba wangu aliuza Carina kupitia dalali, kwa karatasi ya kuandikiana tu, kadi ya gari haikubadilishwa jina kule mamlaka ya mapato, TRA. Mwaka mzima faini za barabarani ziliendelea kusoma kwenye gari lililobaki na jina lake, na siku moja askari wakaja kumuuliza habari za ajali ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo nyumbani nako kuna mashimo yake, na aliyeuza bila mkataba wa mauziano mbele ya wakili na bila kuhamisha kadi atayatumbukia. Ila shimo hilo liko kwenye namna ya kuuza. Nia ya kununua ipo, tena ya kweli, na sababu inaeleweka: gari la mtumba kutoka Japani linashushwa bandarini Dar es Salaam, linalipiwa ushuru, likiwa limepita miaka kumi linatozwa zaidi kwa uchakavu, kisha linaendeshwa zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza. Ambalo tayari liko Mwanza, kadi safi, lina thamani kwa mtu. Na wengi wetu nyumbani tumenunua taslimu. Ukiuza, hela yote ni yako.

Huku Marekani gari nyingi ziko kwenye mkopo, na mwandishi wa barua anajua hivyo. Anachokitafuta ni lile deni lako, alibadilishe liwe deni jipya refu zaidi. Mara nyingi jina lako analo kwa sababu ulimpelekea gari kubadilisha oili. Kuna orodha ya serikali ya watu wasiotaka kupigiwa simu za biashara, ilianza mwaka 2003, nami namba yangu imo. Lakini kampuni uliyofanya nayo biashara inaruhusiwa kukupigia kwa miezi 18 tangu manunuzi ya mwisho, mpaka uiambie yenyewe iache. Kila oili mpya, miezi 18 inaanza upya. Nilipolijua hilo niliwaambia wazi wanitoe kwenye simu na kwenye barua pia, nikahamia kwa fundi mmoja wa mtaani. Simu zimekoma. Barua bado zinadondoka moja moja.

Nikiri kwamba mwaka 2021 barua hizo zilikuwa na ukweli ndani yake. Chipu za kompyuta ziliadimika, viwanda vikashindwa kutoa magari ya kutosha, na bei ya yaliyotumika ikapaa. Rafiki yangu aliuza lake mwaka huo, akalipa deni lote, akabaki na akiba. Lakini yeye alichukua bei tatu sehemu tatu, kwa maandishi, na alikuwa na gari la pili la kuendea kazini. Hata kubadilishana si haramu: hapa Texas kodi ya asilimia 6.25 unalipa kwenye tofauti tu, baada ya kutoa thamani ya gari lako, na hiyo ni nafuu halisi kwa mtu ambaye tayari alikuwa anatafuta gari. Mimi sikuwa natafuta. Nilitafutwa.

Ndiyo maana nilimwambia mdogo wangu asibishane nao, awaulize swali moja tu kabla hajawasha gari: IST hii mnainunua kwa shilingi ngapi taslimu, bila mimi kuchukua gari lenu lolote? Wakitaja bei, aiandike, kisha aende kwa yule kijana wa Kirumba amuulize naye. Nikamkumbusha pia vijana wa bodaboda za mkataba pale Igoma, walivyolipa kila wiki mpaka pikipiki ikachoka kabla ya mkataba kuisha. Yeye IST yake haidaiwi na mtu. Ni kitu kikubwa, na watu wanaodaiwa kama mimi tunakijua uzito wake.

Aliwapigia Jumanne. Bei ya taslimu hawakuitaja. Walimwambia aje nalo kwanza, wataongea. Akauliza tena. Ndipo wakamuuliza yeye anafanya kazi wapi, na mshahara wake unaingia tarehe ngapi.

Nimemwambia asiende.