Desemba mama yuko sawa

Kila Desemba magari ya wanaorudi nyumbani Kilimanjaro yakishapanda Marangu, Machame na Kibosho, ugomvi wa aina moja huzuka kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba ya wazazi. Mama mwenye dimensia, maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anawapokea wanawe kwa "marahaba" ya kawaida, anauliza habari za safari, anaongoza sala ya chakula. Wageni wanatazamana: huyu ndiye tuliyeambiwa hajitambui? Mke wa kitinda mimba, anayemuuguza mwaka mzima, anaonekana mtu wa kukuza mambo.

Wageni nao wana hoja. Hela ya dawa, pampasi na dada wa kazi inatoka kwao. Aliyekaa mbali huwahi kugundua kwamba mama amekonda. Na uchovu humfanya anayeuguza awe mkali: mgonjwa atasahau maneno, hofu itabaki.

Ila walichopima ni salamu. Kwenye Alzheimer, aina inayoongoza ya dimensia, kumbukumbu za karibuni huharibika mapema. Salamu, sala na utani uliorudiwa miaka sabini huchelewa sana kufutika. Mbele ya wageni mgonjwa hujikaza saa moja, mbili, kisha anaishiwa nguvu. Wakishaondoka, saa kumi na mbili jioni anajifunga kanga, anataka "kwenda nyumbani" na yuko nyumbani. Usiku anaamka mara nne. Asubuhi anadai mkwe ameiba hela, ambazo mama mwenyewe amezificha ndani ya foronya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ndugu na marafiki wanaouguza hutumia wastani wa saa 5 kwa siku, na asilimia 70 ya muda huo hubebwa na wanawake. Saa 5 zinasikika kama zamu: unaanza saa mbili asubuhi, saa saba uko shambani. Laiti zingekaa hivyo! Zimekatwakatwa: dakika kumi za kutafuta kiatu, robo saa ya kujibu swali lilelile, nusu saa mlangoni usiku wa manane. Aliyeamshwa mara nne hajalala, hata kama alikuwa kitandani tangu saa tatu, na sonona hupata mwanya hapohapo. Juu ya hayo anaomboleza mtu aliye hai, msiba usio na matanga wala wa kumpa pole. Akisema amechoka, anaulizwa kama hampendi mama.

Kikao cha ukoo kisianze bila daftari la wiki mbili: mama aliamka saa ngapi, alitaka nini, nini kilimtuliza. Litaonyesha pia pa kurekebisha. Taa iwashwe kabla ya giza, chai isivuke saa kumi jioni, apelekwe msalani kabla ya kulala. Akidai ameibiwa msibishane. Tafuteni pamoja, na uyajue maficho yake. Akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, msiseme ni uzee: huenda ni maambukizi ya mkojo, malaria, kupungukiwa maji au dawa mpya. Hospitali siku hiyohiyo. Dawa za usingizi za kujinunulia dukani humwangusha, na nyonga ya mzee ikivunjika mzigo unakuwa mara mbili.

Mgeni wa Desemba alale chumba cha mama Ijumaa hadi Jumatatu, mkwe alale kwingine. Halafu ndipo wajadili hela, na ya kwanza itengwe kwa usiku mbili kila wiki za mtu wa kumpokea mkwe zamu. Msaidizi wa mchana anapatikana. Wa usiku ndiye kila mtu anamkwepa.