Amplifaya ya bei mbaya: unalipia sauti au unalipia miaka?

Mpwa wangu kahamia chumba na sebule Tabata, na simu yake ya kwanza kwangu haikuhusu kitanda. "Shikamoo mjomba. Nina milioni mbili za muziki. Ninunue amplifaya gani?" Nikamuuliza, spika zipi? Akajibu kwamba spika zitafuata, kwanza apate amplifaya ya maana, kachoka na sabufa. Ubishi wetu ukaanzia hapo na mpaka leo haujakwisha. Nauweka hapa kwa sababu kijana ana hoja zake, na baadhi ya hoja zangu, nikizitazama vizuri, zina matundu.

Tukubaliane kwanza tunasema nini. Amplifaya anayoitaka ni ile ya boksi moja: ndani yake mna sehemu ya kuchagua chanzo, iwe CD, santuri au simu, mna volyumu, na mna sehemu ya kusukuma spika mbili, ya kushoto na ya kulia. Haina taa za kucheza disko wala tundu la memori kadi. Mgeni akiingia sebuleni anaweza kudhani ni king'amuzi cha zamani.

Suala la wati nilitaka tulimalize haraka. Mtaani tumezoea kusoma maboksi yaliyoandikwa wati elfu kadhaa za PMPO, kipimo ambacho hakina kanuni yoyote inayomfunga mwenye kiwanda. Mtu aliyelelewa na namba hizo akiona amplifaya ya gharama imeandikwa wati 40 kwa chaneli, anahisi anaibiwa. Lakini chukua spika ya kawaida yenye uwezo wa desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, mita moja mbele yake. Ukiweka mbili na kukaa mita mbili na nusu, wati moja tu kwa kila spika inakupa desibeli zaidi ya 80. Hapo mke akikuita jikoni husikii. Kutoka wati 20 hadi 100 unaongeza desibeli 7, na sikio la binadamu linahitaji kama 10 ndipo liseme sauti imekuwa mara mbili. Wati mara tano, na hata huo mara mbili hujaufikia. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kama wati hazina maana, mbona zingine zinauzwa mara kumi ya zingine?"

Swali hilo limewagawa wapenzi wa muziki tangu sijazaliwa.

Upande mmoja unasema bei ni mbwembwe. Mwezi Januari 1987 jarida la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio la kusikiliza bila kujua kinachopiga. Kulikuwa na risiva (amplifaya yenye redio ndani yake) ya Pioneer ya dola 220 hivi, na mwisho wa pili wa safu amplifaya za Futterman za dola 12,000, za taa, yaani zinazotumia vali za kioo badala ya transista. Sauti zikasawazishwa kwa kipimo, majina yakafichwa. Wasikilizaji, wakiwemo walioapa kwamba tofauti ni kama usiku na mchana, hawakuweza kuzitofautisha kwa uhakika kuliko mtu anayebahatisha kwa kurusha shilingi. Baadaye Richard Clark, Mmarekani wa fani ya muziki wa magari, akaweka dola 10,000 mezani kwa yeyote atakayezitambua amplifaya mbili chini ya masharti ya namna hiyo. Watu wengi walijaribu na pesa haikutoka.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Ila kuna kisa cha 1985, na mpwa wangu alikichimbua mwenyewe. Bob Carver, mtengenezaji wa amplifaya, aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile wachague amplifaya yoyote wanayoiabudu, naye ataifanya ya kwake ya bei nafuu, ya transista, itoe sauti ile ile. Wakampa ya taa, Conrad-Johnson Premier Five. Carver akajifungia katika chumba cha hoteli Santa Fe na vifaa vyake, akawa analinganisha umeme unaotoka kwenye amplifaya hizi mbili na kurekebisha ya kwake mpaka tofauti ikawa karibu sifuri. Siku chache tu, na wahariri wakakiri hawawezi kuzitenganisha.

Wanaosema bei ni mbwembwe hukitumia kisa hiki kama silaha. Mpwa wangu alikigeuza upande wa pili, na nadhani yuko sahihi. Kama zote zinalia sawa, Carver alikuwa anarekebisha nini? Kabla ya kazi ile zilikuwa zinasikika tofauti, na tofauti hiyo ilikuwa ya umeme, ya kupimika, hasa jinsi amplifaya ya taa inavyoyumbishwa na spika. Spika huandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi inavyozuia umeme), lakini muziki ukipita inapanda na kushuka, mahali pengine inafika omu 3. Amplifaya dhaifu ikifika hapo inaishiwa pumzi. Yenye transfoma nene na kapasita za kutosha, zile zinazotunza akiba ya umeme, haishtuki. Masharti ya majaribio yale ya upofu ni kwamba hakuna amplifaya inayosukumwa kupita uwezo wake, na ndani ya masharti hayo matokeo ni ya kweli. Nje yake, kwenye spika ngumu na mkono wa mtu aliyekwisha kunywa mbili, mambo hubadilika.

Ushahidi ninaoupenda katika hili ni amplifaya ya NAD 3020. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, ikasanifiwa na Erik Edvardsen, imeandikwa wati 20, ina sura ya kijivu na vitufe vya plastiki vinavyoonekana vya bei rahisi kwa sababu ni vya bei rahisi. Pesa waliiweka ndani. Kwa mpigo mfupi, ngoma inapogongwa, inaweza kutoa karibu mara mbili ya zile 20, na spika zinazoshuka omu haziiangushi. Iliaibisha mashine zilizoandikwa namba kubwa kuliko yake. Kwa hiyo ubora upo, na bei siyo kioo chake.

Na hapa ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Wanabishana kuhusu nusu saa ya kusikiliza, wakati amplifaya unakaa nayo miaka ishirini, tena wengi wa wabishi hao wanakaa nayo katika nyumba baridi.

Pwani ni habari nyingine. Kapasita za ndani ya amplifaya zina kanuni inayojulikana kwa mafundi: ukipunguza joto nyuzi 10, maisha yake yanakuwa kama mara mbili, na ukiongeza 10 yanakatika nusu. Mashine iliyosifiwa sebuleni Uingereza kwenye nyuzi 20, hapa Dar inaanza kazi kwenye 32 kabla haijawashwa. Ukiiweka ndani ya kabati la TV lenye kioo, na kitambaa cha kufuma juu yake kama mama zetu walivyofanya kwa kila kitu chenye thamani, umeipikia. Halafu kuna chumvi ya hewani. Volyumu inaanza kukwaruza, relei, zile swichi za ndani, zinashika kutu nyembamba mpaka upande wa kushoto unapotea ukisikiliza kwa sauti ya chini na kurudi ukiongeza. Watu hudhani imekufa, kumbe ni uchafu wa kusafishwa. Usisahau mjusi kafiri: anafuata joto usiku, anaingia kwenye matundu ya kupozea, anakanyaga waya mbili kwa mpigo, na hapo wanakufa wote wawili.

Ndiyo maana nilimkatalia alipoanza kuzungumzia amplifaya za daraja A (daraja hapa ni namna transista zinavyofanya kazi, siyo cheo cha ubora), kama zile za kiwanda cha Sugden wa Yorkshire, Uingereza, ambao wamezitengeneza tangu miaka ya 1960. Nimewahi kusikiliza ya namna hiyo, na sauti za kike zinatoka kana kwamba mwimbaji kakaa kwenye mkeka mbele yako. Siwezi kusema ningeitambua nikifungwa macho, nafurahia tu kukumbuka. Lakini daraja A inakula umeme wake wote hata wimbo haujaanza. Ikila wati 150, saa nne kwa siku, mwezi mzima ni uniti 18 za Luku, na umejinunulia hita katika mji unaohitaji feni. Daraja AB ya kawaida ikiwa imetulia inaweza kula wati 30, ambazo ni uniti 3.6. Daraja D, teknolojia ya kuwasha na kuzima transista kwa kasi kubwa, inapoteza kidogo sana, karibu haina joto, na zile ndogo za Kichina zinazotumia volti 24 unaweza kuziunga kwenye betri za sola umeme ukikatika.

Kwa hesabu hiyo daraja D ndiyo jibu, na kijana alinirukia: "Basi mjomba, ninunue hiyo, tena yenye Wi-Fi!" Nilisita, na kusita kwangu kuna sababu. Ikiharibika mashine ya namna hiyo, ndani unakuta bodi moja yenye vipande vidogo kama punje za mtama, na fundi wa kona hana cha kufanya nayo ila kutikisa kichwa. Na sehemu ya Wi-Fi huzeeka kabla ya sehemu ya muziki. Programu yake inaachwa na kiwanda, simu mpya haiitambui tena, na unabaki na boksi zima ambalo nusu yake ni marehemu. NAD 3020 zile za mwanzo zilikuwa na transista za 2N3055 na mwenzake MJ2955, vitu ambavyo fundi yeyote wa redio aliyejifunza kazi zamani amewahi kuvishika. Ila nisijidanganye pia: siku hizi madukani transista feki ni nyingi, zina maandishi sahihi na roho ya bandia, zinaungua wiki ya pili. "Inatengenezeka" ina maana tu kama spea ni halali.

Zamani nayo ina mitego. Mwaka juzi nilinunua amplifaya ya mitumba kutoka Japani, nzito kama gunia la saruji, uso wa alumini unaong'aa. Niliichomeka ukutani. Ikanguruma, ikatoa harufu, ikanyamaza. Nyuma yake, chini ya vumbi, pameandikwa volti 100. Sisi tuna 230. Kila mtu hapa anajua redio ya gari la Japani inaishia 90 kwenye FM, na bado akili haikunituma kwamba plagi nayo ina uraia. Fundi aliisuka upya transfoma kwa volti zetu, kazi ya siku nne, na inapiga mpaka leo, isipokuwa usiku ukitulia kabisa unaisikia inavuma kama nyuki mmoja aliyefungiwa. Wengine hununua transfoma ya kushusha umeme, lakini nyingi zinazopatikana hapa hutoa volti 110, kwa ajili ya vyombo vya Marekani. Mashine ya 100 inaishi humo ikiwa imezidishiwa asilimia 10 kila siku, na joto nalo linaongezeka.

Jambo dogo ambalo wauzaji wa vitu vya gharama hulidharau ni besi na trebo. Kuna amplifaya za heshima zisizo na vitufe hivyo, eti sauti isiguswe. Labda kwa rekodi za London. Mimi nasikiliza dansi la zamani lililorekodiwa studio za Radio Tanzania, magitaa matatu na tarumbeta, likanakiliwa kutoka mkanda hadi mkanda. Trebo ikipunguzwa kidogo na besi ikaongezwa kidogo, Mlimani Park inakaa. Asiyetaka kuvigusa avigeuzie katikati aviache.

Mwisho wa yote nilimwambia mpwa wangu agawe zile milioni mbili: moja na laki tatu kwenye spika, kwa sababu huko tofauti inasikika hata na jirani asiyejali, laki tano kwenye amplifaya ya daraja AB iliyotumika, ya volti 230, yenye besi na trebo, na kifuniko kinachofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Laki mbili ziende kwenye kifaa cha kulinda umeme na fundi wa kuisafisha kabla haijawashwa hata mara moja.

Kanunua amplifaya ya milioni moja na laki nne, mpya, daraja D, Wi-Fi, nyeusi. Nilikwenda Jumapili kuisikiliza. Spika kaazima kwa rafiki yake, moja ina tundu kwenye karatasi. Alipiga taarabu ya Unguja, tukakaa kimya, na lazima niseme kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilitoka safi sana. Nikapitisha mkono juu ya boksi kutafuta joto, sikulipata. Halafu umeme ukakatika, akaniangalia, akacheka: "Mjomba, hii ya kwangu inakubali betri?" Tuligeuza nyuma kusoma kwa tochi ya simu.

Haikubali.