Riwaya ya kujichapishia na wasomaji wasiopenda kutangaziwa

Mwaka 2006 Daniel Suarez, mshauri wa mifumo ya kompyuta huko Marekani, alikuwa na riwaya iliyokamilika lakini hakuwa na mchapishaji. Mawakala waliikataa. Ilikuwa ndefu, na ilijaa mambo ya seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, na mitandao. Akaichapa mwenyewe kwa jina la Leinad Zeraus, ambalo ukilisoma kinyumenyume unakutana na jina lake halisi. Hakuhangaika na wahakiki wa magazeti. Nakala alizipeleka kwa wenye blogu za teknolojia, watu ambao wangejua mara moja kama seva za hadithini zinafanya kazi kama seva za kweli. Wakaisoma, wakaambiana, na Januari 2009 kampuni ya Dutton ikaitoa upya kwa jina la mwenyewe. Riwaya hiyo ni Daemon.

Kisa hiki husimuliwa sana kwa wanaojichapishia. Ukiwa na riwaya yenye roboti, wadukuzi au chombo cha angani, utaambiwa uachane na maduka ya vitabu, uwafuate watu wa kompyuta, nao watakufanyia kazi ya kutangaza. Ushauri huo nusu yake naiamini. Nusu nyingine naiona inawapotezea watu miaka.

Ya kuaminika ni hii: waandika programu wengi wamekua na bunilizi ya kisayansi, hawana woga wa kulipa mtandaoni, na kitabu kikiwaingia hawanyamazi. Tatizo ni kwamba hawatangaziki. Hawa ndio wa kwanza kuweka programu za kuzuia matangazo, na wengine kazi yao ya mchana ni kuyatengeneza hayo matangazo, kwa hiyo wanajua yanavyopikwa. Anayeingia barazani kwao kwa mara ya kwanza akiwa na kiungo cha kununua kitabu anawekwa kundi moja na wauza dawa za nguvu za kiume. Reddit, mtandao wa mabaraza ya mijadala, kwa muda mrefu iliwashauri wanachama wake kwamba katika kila michango kumi, wa kujitangaza usizidi mmoja. Maana yake, ukitaka kuwauzia kitabu Desemba, ulipaswa kuhamia kwao Januari na kuanza kujibu maswali ya watu yasiyohusiana kabisa na kitabu chako.

Andy Weir hakuhitaji kuhamia, alikuwa mwenyeji. Kazi yake ilikuwa kuandika programu, na The Martian, riwaya ya mwanaanga aliyeachwa peke yake Mirihi, aliiweka kwenye tovuti yake sura baada ya sura, bure. Wasomaji wakawa wanamwandikia: hapa kemia yako imekosea, hesabu hii haitoki. Naye anarekebisha. Kwangu mimi siri iko hapa, zaidi ya kwenye huo ubure. Fundi humvuti kwa kumsifia kitabu, unamvuta kwa kumpa kitu cha kukagua. Akikamata kosa, kisha akaliona limesahihishwa, kitabu kinakuwa na jasho lake ndani, na atakisemea kwa wenzake bila kuombwa. Suarez alifanya jambo lilelile kwa njia nyingine: aliwapelekea wakaguzi kwanza, wanunuzi wakafuata nyuma yao.

Watetezi wa kugawa bure humleta Weir kama shahidi wao. Wamsikilize mpaka mwisho. Wasomaji walimwomba aiweke riwaya kwenye Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ili wasipate taabu ya kuihamisha. Amazon haikumruhusu kuweka bei ya sifuri, akaweka ya chini kabisa, senti 99. Ndani ya miezi mitatu ziliuzwa nakala 35,000, kuliko hata zilizokuwa zimepakuliwa bure. Waliolipa wakawazidi waliopewa! Si kwamba watu wanapenda kulipa. Duka lina orodha ya vinavyouzwa sana, na kitabu kikishapanda humo kinaonwa na watu ambao hawajawahi kusikia jina la mwandishi. Tovuti ya mtu binafsi haina wapita njia.

Ila fedha yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Kwa kanuni za Amazon, kitabu cha kielektroniki cha dola 2.99 hadi 9.99 kinaweza kumpa mwandishi mrabaha wa asilimia 70, na nje ya bei hizo asilimia 35. Kwa hiyo senti 99 ni kama senti 35 mfukoni, na nakala 35,000 zinafika dola 12,000 hivi. Kitabu cha dola 2.99 kinakuachia dola 2 na kidogo, kabla ya makato madogo yanayotegemea ukubwa wa faili. Unauza nakala sita za senti 99 ili ufikie nakala moja ya dola 2.99. Bei ile ilimlipa Weir kwa sababu ilimpandisha kwenye orodha, orodha ikamleta mchapishaji, Crown, kitabu kikatoka upya 2014 na filamu ikafuata 2015. Asiyepanda anabaki na senti zake 35. Na wateja wenyewe ni watu wanaonunua vitabu vya kazi kwa dola 40 bila kukunja uso. Kuwashushia bei hadi senti 99 ni kuwaambia kwamba hata wewe huna hakika na ulichoandika. Ningekuwa na riwaya ya namna hiyo nisingeshuka chini ya dola 2.99, hata wiki ya kwanza.

Halafu kuna suala la kufuli, ambalo kwa wasomaji wa kawaida halina uzito lakini kwa hawa ni karibu na imani. Kitabu kilichofungwa kidijitali, kisichonakilika wala kuhamishika kutoka kifaa hadi kifaa, wanakiona kama kitabu ulichokodishiwa. Cory Doctorow amejenga jina lake juu ya hoja hiyo. Mwaka 2003 riwaya yake ya kwanza ilitoka kwa mchapishaji wa kawaida huku ikipakuliwa bure kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu watu kunakili na kugawa. Mwaka 2020, kwa kuwa Audible, duka la Amazon la vitabu vya sauti, haiuzi kitabu cha sauti bila kufuli, alikitengeneza mwenyewe kile cha riwaya yake Attack Surface na kukiuza kwa maagizo ya mapema kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi. Alikusanya zaidi ya dola 260,000.

Upande wa pili, wa wanaokubali kufungwa na Amazon, unajibu kwa mpango wa Amazon uitwao KDP Select. Kwa siku 90 kitabu chako cha kielektroniki hakiuzwi popote pengine, nawe unaingizwa Kindle Unlimited, huduma ambayo msomaji hulipa ada ya mwezi na kusoma apendavyo, unalipwa kwa kurasa zilizosomwa. Kwa asiyejulikana huo si mkataba mbaya. Hao hao wanaoilaani Amazon asubuhi, jioni wana Kindle mkononi, na Doctorow alipoikwepa Audible alikuwa na miaka 17 ya wasomaji nyuma yake. Hata hivyo, kuweka kufuli kwenye Kindle ni hiari ya mwandishi wakati wa kupakia kitabu. Unaweza kuuza Amazon bila kufuli, na ukalisema hilo kwa sentensi moja kwenye maelezo ya kitabu. Ni tangazo pekee ninalolijua ambalo kundi hili hulisoma bila kununa.

Sasa shimo. Mbinu ya wakaguzi inafaa riwaya yenye mifupa ya kiufundi, isiyo nayo haifai. Kama umeandika kisa cha mapenzi kazini, na kazi yenyewe ikatokea kuwa kampuni ya programu, hakuna cha kukagua humo. Nimeona waandishi wakijaribu kukitengeneza kwa nguvu: wanapachika kurasa tatu za maelezo ya usimbaji wa data katikati ya msiba wa mhusika. Mhandisi anapiga makofi, msomaji wa riwaya analala.

Na tunaowataja ni walioshinda. Nyuma ya kila Weir kuna walioweka sura zao bure kwa miaka, wakapata wasomaji wawili, mmoja wao ndugu yao. Mfano unaotumika vibaya kuliko yote ni wa Brandon Sanderson, mwandishi wa fantasia aliyekwisha kuwa na wasomaji wengi kwa miaka mingi, aliyekusanya zaidi ya dola milioni 41 kwenye Kickstarter mwaka 2022 kwa riwaya nne. Kumtajia mwanagenzi kisa hicho ni kumwonyesha mavuno bila kumwambia shamba lililimwa lini. Tangu 2023 mlango umezidi kuwa mwembamba: Amazon ililazimika kuweka kikomo cha vitabu vitatu vipya kwa siku kwa kila mwandishi, baada ya kuja kwa mashine zinazoandika, yaani akili bandia. Vitatu kwa siku, tena hicho ndicho kikomo! Watu wa kompyuta ndio wepesi kuinusa kazi ya mashine. Jalada lenye mkono wa vidole sita, kosa linalojulikana la picha za mashine, litakuzika kabla sura ya kwanza haijafunguliwa.

Huku kwetu mambo haya si mageni sana. Dar es Salaam, waandishi wa riwaya pendwa walikuwa wakijichapishia tangu miaka ya 1970 na 1980, na hadithi za mfululizo magazetini ndizo zilizowalea wasomaji. Leo mfululizo umehamia WhatsApp na Facebook. Unasoma sehemu ya 1 hadi ya 20 bure, jambazi ameshika bastola, kisha linakuja tangazo: mwendelezo ni shilingi kadhaa, lipia kwa simu utumiwe PDF. Ni njia ya Weir bila Amazon, na bila orodha ya kumpandisha mtu. Mwandishi wa Kiswahili anayewalenga vijana wa TEHAMA anaanza na wasomaji wachache zaidi, lakini malipo anayapata papo hapo na mrabaha wote ni wake.

Hofu yake kubwa ni PDF kusambazwa, na inasambazwa kweli, jioni ileile, kwenye makundi asiyoyajua. Wengine hufunga faili kwa nywila. Nywila nayo inasambazwa pamoja na faili. Kwa wasomaji wa aina hii naona afadhali kuiacha wazi, na kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, pale hadithi inapoishia na moyo ungali moto, kuandika namba ya kulipia, bei, na namba ya kupokea masahihisho.